Kuunda Gitaa Kavu kwa Mikono katika Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usanifu na Fito za Ndani

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya fundi anayejifunza, yaani mtu mwenye kazi nyingine ya kumpatia riziki, ambaye jioni na siku za mapumziko hukaa na randa yake akijaribu kuunda gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Wengi wanaouliza ni maseremala wa Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe, pamoja na wapigaji wa kwaya waliochoka kununua magitaa ya dukani yanayopasuka kabla ya kumaliza mwaka. Neno "fito" humu lina maana ya vijiti vinavyobandikwa upande wa ndani wa uso na mgongo wa gitaa. Wengine huviita mihimili, wengine mataruma, na kitu ni kile kile.

Gitaa langu la kwanza ni imara kabisa, lakini sauti yake ni ndogo, kama imefunikwa kwa blanketi. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni moja: umeunda fanicha. Seremala aliyezoea vitanda na makabati amefundishwa kwamba ubao mnene ni sifa ya kazi nzuri, na mafunzo hayo ni ya kweli kabisa kwa kitanda. Uzi wa gitaa ni mwembamba mno kuweza kusukuma hewa ya kutosha masikioni. Kazi hiyo hufanywa na uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, ambao unatikiswa na uzi kupitia daraja, kile kipande cha mti kilichobandikwa usoni ambako nyuzi hufungwa. Nguvu iliyomo katika kidole kinachogusa uzi ni ndogo sana, na ikikutana na uso mzito huishia humo humo.

Kwa upande mwingine, nyuzi sita za chuma za kipimo chepesi, ambazo uzi wake mwembamba kabisa una kipenyo cha milimita 0.30, huvuta kwa jumla ya kilo 70 hadi 75 zikishapandishwa kwenye sauti zake za kawaida. Huo ni uzito wa karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji, ukining'inia kwenye daraja usiku na mchana kwa miaka yote ya uhai wa chombo. Nyuzi za nailoni huvuta kiasi cha kilo 40. Usanifu wote wa gitaa unakaa katikati ya mambo hayo mawili: uso uwe mwepesi kiasi cha kutikiswa na kidole, na wakati huo huo uwe na ukakamavu wa kubeba mfuko na nusu wa saruji bila kukunjika.

Chukua rula uone tofauti. Ukakamavu wa ubao hukua kwa mchemraba wa unene wake, yaani unene mara unene mara unene. Uso wa milimita 4 una ukakamavu wa karibu mara tatu ya uso wa milimita 2.8 wa mti ule ule, na uzito wake umezidi kwa zaidi ya asilimia 40. Magitaa mengi ya mara ya kwanza niliyoyafungua yalikuwa na uso wa milimita 4 au zaidi, tena juu yake zimebandikwa fito nene kama za kushikilia bati.

Fito hasa zinafanya kazi gani?

Zinafanya kazi mbili, na fundi anayejifunza huiona moja tu. Ya kwanza ni kuzuia uso usikunjike pale daraja linapojaribu kupinduka kuelekea shingoni. Ya pili, ambayo ndiyo inayofanya gitaa liwe gitaa, ni kuamua uso utetemeke vipi: wapi uwe mgumu, wapi uachiwe, na mtetemo usambae kutoka darajani hadi kingoni kwa njia ipi. Ubao wa miti ya jamii ya misonobari ni mkakamavu mara kumi au zaidi kwa kufuata urefu wa nyuzinyuzi zake kuliko kwa kuzikata, hivyo uso usio na fito ungekuwa na nguvu upande mmoja na ulegevu upande mwingine. Fito zinazokatiza nyuzinyuzi hurekebisha upungufu huo kwa uzito mdogo.

Fundi Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliyeishi kati ya 1817 na 1892, alilionyesha jambo hili kwa namna ambayo hadi leo inamfunza kila anayeshika patasi. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye uso wa kawaida na fito zake, lakini mbavu, yaani mbao za pembeni, na mgongo akazitengeneza kwa karatasi ngumu. Alitaka watu waelewe kwamba sauti hutoka usoni. Kwa hiyo, kama una muda na fedha kidogo, vitumie hapo kabla hujahangaika kutafuta mbao ya thamani kwa ajili ya mgongo.

Kuna hesabu moja ambayo fundi anapaswa kuijua kwa moyo. Ukakamavu wa ufito hupanda sawasawa na upana wake, lakini hupanda kwa mchemraba wa kimo chake. Ukipunguza upana kwa asilimia 10, ukakamavu hupungua kwa asilimia 10; ukipunguza kimo kwa asilimia 10, ukakamavu hupungua kwa asilimia 27. Linganisha ufito wenye upana wa milimita 8 na kimo cha 15 na mwingine wenye upana wa 12 na kimo cha 10. Uzito wao ni sawa, lakini wa kwanza una ukakamavu wa mara mbili na robo ya wa pili. Ndiyo maana fito nzuri husimama, hazilali. Ndiyo maana pia, unapozichonga mwishoni, mpito mmoja wa randa juu ya ufito hubadilisha mambo kuliko unavyodhani.

Nichague mpangilio upi wa fito: ngazi, kipepeo au msalaba?

Kwa nyuzi za chuma chagua msalaba, na kwa nyuzi za nailoni chagua kipepeo.

Mpangilio wa ngazi, ambao fito zake zote hukatiza uso kwa usawa, ni rahisi kuunda, na una sauti yake kavu na fupi ambayo baadhi ya wapigaji wanaipenda. Tatizo lake ni kwamba hauzuii vizuri kupinduka kwa daraja, kwa hiyo ukiutumia kwa nyuzi za chuma utalazimika kuongeza unene, na ukiongeza unene umerudi kwenye fanicha. Mpangilio wa kipepeo, ambao fito zake nyembamba hutawanyika kutoka chini ya tundu la sauti kama vidole vya mkono uliofunguliwa, ulikomazwa na huyo huyo Torres, ambaye mara nyingi alitumia fito saba. Fito hizo ni ndogo, zenye upana wa milimita 5 hadi 6 na kimo cha milimita 4 hadi 6, na hazikuundwa kwa ajili ya mvutano wa chuma. Mpangilio wa msalaba, wenye fito mbili ndefu zinazokingamana chini kidogo ya tundu la sauti, ulianza kutumiwa Marekani katika miaka ya 1840, na fundi anayehusishwa nao zaidi ni C. F. Martin, Mjerumani aliyehamia huko mwaka 1833. Wakati huo nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama. Karne iliyofuata nyuzi za chuma zilipoenea, ikaonekana kwamba msalaba ule unazimudu.

Ipo mipangilio mingine, kama ule wa wavu wa fito nyembamba unaojulikana kupitia kazi za Greg Smallman wa Australia. Nakusihi usianze na huo, wala usibuni wa kwako katika gitaa la kwanza au la pili. Ukibadilisha mpangilio kabla hujajua ule wa kawaida unasikikaje, hutakuwa na kitu cha kulinganishia.

Nianze na vipimo gani?

Kwanza chora gitaa zima kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya manila, ukiweka mstari wa katikati kwa penseli iliyochongwa vizuri. Mchoro huo ndio utakaokuonyesha kama mikono ya msalaba inapita chini ya mabawa ya daraja, jambo ambalo ni la lazima, kwa sababu daraja linalokaa nje ya mikono hiyo halina wa kulibeba.

Kwa gitaa la nyuzi za chuma la ukubwa wa kati, chukua urefu wa uzi wa milimita 645, upana wa sehemu ya chini wa milimita 390 hadi 400, na tundu la sauti la kipenyo cha milimita 100. Fito za msalaba ziwe na upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 15 pale zinapokutana. Zikutane milimita 30 hadi 35 chini ya ukingo wa tundu, kwa pembe ya digrii 95 hadi 98. Kuelekea kingoni zishuke polepole hadi kimo cha milimita 2 au 3, na ncha zake ziingie kwenye vijishimo vilivyochongwa katika utepe wa ndani wa mbavu. Juu ya tundu weka ufito mmoja mzito wa kukatiza, wa milimita 10 kwa 16, kwa kuwa hapo ndipo shingo inaposukuma uso kuelekea ndani. Chini ya msalaba weka fito mbili za mshazari za milimita 7 kwa 12, na kila upande fito mbili ndogo za milimita 6 kwa 8. Kati ya mikono ya msalaba, moja kwa moja chini ya daraja, bandika kibao cha mti mgumu chenye unene wa milimita 2.2 hadi 2.5 ili vichwa vya nyuzi visile uso.

Pale fito za msalaba zinapokutana, kila moja hukatwa nusu ya kimo ili zikae ndani ya nyingine. Kiungo hicho kikilegea, gitaa zima limelegea, kwa sababu ufito wenye mkato ulio wazi upande wa juu hauna nguvu zaidi ya ile nusu iliyobaki. Kikate kwa msumeno mwembamba, kikaze hadi kiingie kwa kusukuma na kidole gumba, kisha ufunike mkato kwa kijibao chembamba au kipande cha kitambaa cha pamba kilicholowa gundi.

Mbao gani za kwetu zinafaa kwa uso?

Mafundi wa Ulaya na Marekani hutumia sprusi na mwerezi wa Amerika, ambazo hazioti kwetu. Anayeweza kuziagiza aziagize. Asiyeweza bado ana njia. Mkoa wa Iringa una shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, Sao Hill katika wilaya ya Mufindi, na mti uliopandwa kwa wingi huko ni msonobari aina ya *Pinus patula*, ambao maseremala wengi huuita paini. Mbeya nako kuna mashamba ya Kiwira na Kawetire. Paini hukua haraka, kwa hiyo pete zake za ukuaji ni pana na mbao zake nyingi hazifai kwa gitaa. Hata hivyo, katika rundo la mbao 100 pale Mafinga huwa ninapata mbili au tatu za kufaa, na ninajua nitafute nini.

Tafuta mbao iliyotoka sehemu ya nje ya gogo la mti mzee, mbali na kiini cha katikati, kwa sababu sehemu ya karibu na kiini iliota mti ukiwa mdogo na ni laini, yenye pete pana. Tazama kichwa cha mbao: mistari ya pete isimame wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, wala isilale kama vitabu vilivyopangwa juu ya meza. Mbao ambayo pete zake zimelala hutanuka na kusinyaa kwa upana karibu mara mbili ya ile ambayo pete zake zimesimama. Kataa fundo hata liwe dogo kama punje ya mtama. Kataa utomvu. Kisha ishike mbao kwa vidole viwili, karibu robo ya urefu kutoka mwisho mmoja, igonge katikati kwa fundo la kidole, usikilize. Mzee mmoja wa Uyole aliyenifundisha kuchagua mbao alikuwa akiirudisha mbao kwenye rundo na kusema, "Hii bado inalia maji, fundi, nyingine." Mbao nzuri hujibu kwa mlio ulio wazi unaochukua muda kufa.

Mkupresi uliokauka vizuri nao unafaa, na harufu yake inapendeza unapouchonga. Podo ina nyuzinyuzi zilizonyooka, lakini iliyobaki katika misitu ya asili kama ya Mlima Rungwe imehifadhiwa, nayo haikatwi kwa ajili ya magitaa yetu. Ukibahatika kupata mlango au benchi la zamani la podo linalotupwa, lichukue. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka 40 imekwisha kukauka na kutulia kuliko chochote utakachonunua.

Kwa paini anza na uso wa milimita 3.2, kisha punguza kadiri majaribio yatakavyoonyesha.

Na mgongo, mbavu, shingo na ubao wa vidole?

Mninga ni zawadi tuliyopewa. Hausinyai sana, unapindika kwa joto, una uzito wa wastani, na unaota katika misitu ya miombo, ikiwemo ya Chunya. Mgongo na mbavu ziwe na unene wa milimita 2 hadi 2.5. Shingo itengeneze kwa mkangazi ulionyooka. Ubao wa vidole na daraja ni mpingo, ambao dunia nzima inautamani kwa ala za muziki. Ni mgumu kiasi cha kumaliza makali ya patasi mara mbili kwa jioni moja, na unastahili subira hiyo.

Nunua kwa mfanyabiashara mwenye stakabadhi na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Jamii yote ya mpingo imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na mninga wa Afrika uliingizwa kufuatia mkutano wa 2022. Kwa hiyo usimtumie rafiki wa nchi za nje vipande vya mbao hizo kabla hujauliza TFS.

Nipate wapi ufito ulionyooka? Msumeno unanidanganya.

Ni kweli, msumeno hudanganya. Msumeno hufuata mstari wa penseli, lakini nyuzinyuzi za mti hufuata njia yake, na ufito ambao nyuzinyuzi zake zinatokea ubavuni utapasuka siku moja ukiwa ndani ya gitaa usikoweza kuufikia.

Pasua, usikate. Chukua kipande cha paini cha urefu wa sentimita 60, kisimamishe juu ya kigogo, weka makali ya panga kwenye kichwa chake ukifuata mstari wa pete, kisha gonga mgongo wa panga kwa nyundo ya mti. Kikianza kuachana utasikia mlio kama wa nguo inayochanwa, na ufa utakimbia wenyewe hadi chini. Uso utakaofunguka hautakuwa laini. Utakuwa na mawimbi na labda mpindo kidogo, na huo ndio ukweli wa mti ule. Ukiona mpindo umezidi milimita 10 kwa urefu huo, tupa jikoni. Ukiwa umenyooka, piga randa kufuata uso uliojifungua, kisha kutoka hapo pima upande wa pili kwa guni. Kati ya vipande vitano ninavyopasua hutumia viwili.

Je, kuna msimu maalumu wa kubandika fito?

Upo, na katika nyanda zetu swali hili ni zito kuliko swali la aina ya mbao. Mbao hufyonza unyevu wa hewa ikatanuka kwa upana, na hewa ikikauka husinyaa. Kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Sasa uso wa gitaa una nyuzinyuzi zinazokwenda kwa urefu, na fito nyingi zinaukatiza: unapoubandika ufito umefunga kitu kisichobadilika juu ya kitu kinachobadilika.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi ambacho, ikifika Septemba na Oktoba, midomo ya watu hupasuka kwa ukavu. Gitaa langu la kwanza nililibandika fito mwezi Machi, Mbeya, ndani ya chumba ambacho kuta zake zilikuwa zinatoa jasho. Uso ulikuwa umetanuka na sikujua. Usiku mmoja wa Oktoba nikiwa nimelala nilisikia mlio mkali, ta!, kutoka ukutani nilikolitundika. Asubuhi nilikuta ufa wa sentimita 12 kutoka kwenye daraja hadi ukingo wa chini, umenyooka kama uliopigwa rula. Uso ulitaka kusinyaa, fito zikaukatalia, na usoni ndiko palipoachia.

Hesabu yake ni hii. Mbao ya jamii ya msonobari yenye pete zilizosimama hubadilika upana kwa takriban asilimia 0.14 kwa kila asilimia moja ya maji inayoingia au kutoka ndani yake. Uso wenye upana wa milimita 400 ukipoteza asilimia 4 tu za maji hutaka kusinyaa kwa zaidi ya milimita 2. Hakuna ubao wa milimita 3 unaoweza kuvumilia hilo huku umeshikwa.

Bandika fito hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 45 hivi. Kwetu, miezi ya Julai hadi Oktoba ndiyo inayokubali bila shida, na mimi hutumia masika kupasua, kupinda mbavu na kuchonga shingo. Uso uliofungwa fito wakati wa ukavu ukikutana na mvua utavimba kidogo juu na nyuzi zitainuka kutoka kwenye freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, jambo linalorekebishika. Uliofungwa wakati wa mvua ukikutana na ukavu hupasuka.

Sina mashine ya kukausha hewa, na mteja anataka gitaa lake Februari. Nifanyeje?

Tengeneza kabati la mbao au la maboksi magumu linaloweza kuingiza uso na fito, weka ndani yake balbu ya zamani inayotoa joto, na kipimo cha unyevu wa hewa. Hewa ya digrii 20 za sentigredi yenye unyevu wa asilimia 75, ukiipasha hadi digrii 28 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 46. Acha mbao humo wiki moja au zaidi, zipime kwa mzani kila siku, na zikiacha kupungua uzito zimefika. Kisha zitoe, bandika fito siku hiyo hiyo, na urudishe kazi kabatini gundi ikikauka. Balbu ikae mbali na mbao na karatasi, na usiiache ikiwaka wakati hakuna mtu nyumbani.

Nitabana fito vipi bila jiriwa nyingi?

Kwa mianzi. Iringa na Njombe, tunakogema ulanzi, hatuna sababu ya kulia uhaba wa jiriwa. Tengeneza meza ndogo yenye dari imara ya ubao, sentimita 60 juu ya meza. Pasua mwanzi mkavu uwe vijiti vyenye urefu unaozidi nafasi hiyo kwa sentimita moja na nusu hivi. Weka ufito wenye gundi mahali pake, kisha pinda kijiti na ukiweke kati ya ufito na dari. Kikijaribu kujinyoosha kinakandamiza. Vijiti sita au saba vinatosha kwa ufito mmoja mrefu.

Nitumie gundi gani?

Gundi nyeupe ya mbao iliyo mpya inatosha kwa fito. Gundi ya ngozi inayopashwa moto ni bora kwa sauti na kwa matengenezo ya baadaye, lakini inakauka upesi na inahitaji mkono uliozoea. Gundi ya viatu isikaribie gitaa kabisa: hubaki na unyumbufu wa mpira na humeza mtetemo.

Uso uwe bapa kabisa?

Usiwe. Uso wenye mbinuko mdogo hustahimili zaidi mabadiliko ya hewa. Huna haja ya sahani maalumu ya kusagia. Upande wa ufito unaobandikwa uchonge kwa mbinuko. Kwa nusu kipenyo cha mita 8, ufito wa milimita 400 unakuwa na kimo cha milimita 2.5 zaidi katikati kuliko kwenye ncha. Kwa mgongo tumia nusu kipenyo cha mita 4.5, ambacho kwa urefu huo huo hutoa milimita 4.4.

Nitajuaje kwamba nimechonga fito vya kutosha?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kukujibu nikiwa nimesimama kando yako, kwa kuwa sehemu ya jibu iko mikononi. Fito zikishakauka, anza kuzishusha kwa patasi kali kutoka kwenye ncha kuelekea katikati, kamwe usianze katikati. Baada ya kila mpito, ushike uso karibu na ukingo, ugonge mahali pa daraja, usikilize. Mwanzoni utasikia mlio mfupi wa juu, kama wa ubao wa meza. Ukiendelea kuchonga mlio utashuka na kurefuka, na kutakuja hatua ambapo uso wote unajibu kwa pamoja, na mkono ulioushika unahisi mtetemo hadi kwenye kiganja. Simama hapo. Hamu ya kuongeza mpito mmoja ni kubwa sana wakati huo, na mara mbili imeniharibia kazi.

Usitegemee sikio peke yake. Kabla ya kubandika fito, laza uso juu ya vijiti viwili vya mviringo vilivyotenganishwa kwa sentimita 45, weka uzito wa kilo moja katikati, pima umeshuka kiasi gani, na uandike katika daftari pamoja na unene na uzito wa ubao. Fanya hivyo kwa kila gitaa. Daftari langu la magitaa saba linanisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kupewa, kwa sababu namba zake zinatokana na paini ya hapa na mikono yangu.

Baada ya kufunga nyuzi, daraja litainama kidogo kuelekea shingoni. Digrii 1 hadi 2 ni kawaida, na mbinuko mdogo nyuma ya daraja ni dalili kwamba uso unafanya kazi. Ukiona digrii 4, au bonde kati ya daraja na tundu linaloongezeka mwezi hadi mwezi, fito zimezidi wepesi au kiungo cha msalaba kimeachia. Ingiza kioo kidogo na tochi kwenye tundu uangalie.

Gitaa langu lina fito za kipepeo. Naweza kulifunga nyuzi za chuma zikisikika vizuri zaidi kanisani?

Hapana. Litasikika kwa majuma machache, kisha daraja litang'oka au uso utakunjika.

Freti zipangwe kwa hesabu gani?

Gawanya urefu wa uzi kwa 17.817 upate umbali wa freti ya kwanza; toa umbali huo, gawanya kilichobaki kwa namba ile ile, uendelee. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza iko milimita 36.48 kutoka kizingiti, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kwenye mwisho wa shingo upande wa kichwa, na ya pili inaongeza 34.43, freti ya 12 lazima iangukie 325 kamili, na isipoangukia hapo umekosea mahali. Hesabu ifanye freti kwa freti, lakini unapoweka alama kwenye ubao pima kila freti kutoka kizingitini, kwa sababu makosa madogo ya rula yakifuatana hujumlishika. Kisha mfupa wa daraja, yaani kipande chembamba kilicho juu ya daraja kinachobeba nyuzi, usogeze nyuma, milimita 2 hadi 3 upande wa uzi mwembamba na 4 hadi 5 upande wa uzi mnene, kwa sababu uzi unapokandamizwa huvutika na sauti yake hupanda. Amua jambo hili kwenye mchoro wa manila, kabla hujabandika kile kibao cha chini ya daraja, maana daraja likisogea kibao nacho lazima kisogee.

Nimeunda gitaa Iringa, na ndugu yangu anataka kwenda nalo Dar es Salaam. Litaharibika?

Likiwa limefungwa fito wakati wa ukavu, litavimba kidogo kwa unyevu wa pwani na nyuzi zitapanda juu ya ubao wa vidole. Mtengenezee mifupa miwili ya daraja, mmoja wa kimo cha kawaida na mwingine mfupi kwa milimita 1, umwambie abadilishe likishazoea hewa ya huko baada ya wiki tatu hivi. Akirudi nalo Makambako au Mbeya mwezi wa Septemba, alihifadhi ndani ya mfuko wake pamoja na kikopo cha plastiki chenye matundu na sifongo iliyolowa kidogo, wala asilitundike ukutani.